Namna ya kubadilisha jina la mchepuo wa shahada ili lilingane na mtaala wake

Anayesoma cheti cha mhitimu hana mtaala mezani. Ana jina la shahada, jina la mchepuo, na dakika chache za kuamua kama amwite huyo kijana kwenye usaili. Kama mchepuo unaitwa Mifumo ya Taarifa, na kijana alitumia muda wake mwingi kusoma takwimu, kusafisha data na kujenga modeli za utabiri, msomaji huyo hatalijua hilo kamwe. Nimekaa na wahitimu wanaobeba orodha ya kozi zao kwenye bahasha kila waendako, ili waeleze walichosoma hasa. Inauma kumwona mtu aliyefaulu vizuri akianza mazungumzo kwa kulitetea jina ambalo hakulichagua yeye.

Mwongozo huu ni wa wakuu wa idara, waratibu wa programu na wajumbe wa kamati za mitaala waliofika mahali pa kusema: mtaala wetu umekua, jina limebaki nyuma. Kwa neno mchepuo nakusudia eneo ambalo mwanafunzi hujikita ndani ya shahada pana. Vyuo vingine huliita mkondo, fani au eneo la utaalamu. Taratibu za vyuo hazifanani, lakini mfuatano wa kazi yenyewe hautofautiani sana.

Hatua ya 1: Hesabu krediti kabla ya kutaja jina lolote

Kikao kikianza na jina, kazi imeharibika. Mtu huleta jina zuri alilolikuta chuo kingine, watu wakalipenda, kisha idara nzima ikaanza kutafuta sababu za kulihalalisha. Anzeni na mtaala. Chukueni toleo lililoidhinishwa mara ya mwisho, orodhesheni kozi zote za mchepuo, na mbele ya kila kozi andikeni krediti zake na eneo la maarifa inalofundisha.

Msiamini majina ya kozi. Fungueni muhtasari wa kila kozi, pitieni mada za wiki kwa wiki, halafu someni mitihani ya miaka miwili au mitatu iliyopita. Mtihani ndio unaoonyesha mwalimu anathamini nini. Kozi inaweza kuitwa Usimamizi wa Hifadhidata ilhali maswali manne kati ya matano yanahusu uchanganuzi wa data. Kozi hiyo ihesabiwe kwa kile inachopima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchepuo wa Mifumo ya Taarifa una kozi 12 za krediti 3 kila moja, jumla krediti 36. Baada ya kupitia mitihani, idara inakuta kozi 7 ni za takwimu na uchanganuzi wa data, 2 ni za hifadhidata, na 3 ni za kusimamia mifumo katika taasisi. Kwa hiyo uchanganuzi una krediti 21, yaani asilimia 58. Usimamizi wa mifumo, uliozaa jina la sasa, una krediti 9, robo tu ya mchepuo. Hapo hoja ya kubadilisha jina ipo, na ipo kwa tarakimu.

Sasa mtu mmoja kikaoni anapendekeza Akili Unde na Data, kwa sababu ndilo jina linalovutia waombaji. Rudini kwenye jedwali. Kati ya zile kozi 7, ni moja tu inayofundisha mashine kujifunza kutokana na data: krediti 3 kati ya 36, asilimia 8. Mkilipitisha jina hilo mtakuwa mmetoka kwenye jina lililopitwa na wakati mkaingia kwenye jina la uongo, na la pili ni baya zaidi, kwa sababu la kwanza halikukusudiwa.

Kipimo ninachotumia hapa, kwamba eneo linalobeba jina lichukue zaidi ya nusu ya krediti, sikukibuni mimi. Uainishaji wa UNESCO wa nyanja za elimu, ISCED-F wa mwaka 2013, hutazama maudhui ya masomo, na huiweka programu kwenye nyanja inayochukua zaidi ya nusu ya mzigo wa masomo, au sehemu iliyo wazi kuwa kubwa kuliko nyingine. Ni kipimo kinachofaa kuazimwa hata mahali ambapo hakuna anayewalazimisha kukitumia.

Mambo mawili ya kuangalia zaidi. Kwanza, tenganisheni kozi za lazima na za hiari, na jina lisimame juu ya zile za lazima. Kama mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kugusa kitu kilichotajwa kwenye jina, jina hilo halijamfaa. Pili, hakikisheni kozi zilizoandikwa zinafundishwa kweli. Kozi isiyo na mwalimu kwa miaka mitatu isihesabiwe.

Na ikiwa baada ya hesabu hakuna eneo linalokaribia nusu, kozi zimetawanyika huku na huko, simameni hapo. Jina jipya halitatibu mtaala usio na kitovu. Fanyeni kwanza mapitio ya mtaala.

Hatua ya 2: Waulizeni wanaolisoma jina

Njia niliyoiona ikifanya kazi vizuri kuliko dodoso refu ni hii: andika orodha ya kozi na maelezo ya sentensi moja kwa kila kozi, ondoa jina la mchepuo, mpe mtu, umuulize, “Wewe ungeuitaje mchepuo huu?” Waulizeni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wahitimu walio kazini kwa miaka miwili hadi mitano, wanaowapokea wanafunzi wenu kwenye mafunzo kwa vitendo, na mtahini wa nje. Majibu yakielekea upande mmoja, mna jina nusu tayari.

Kwa waombaji wapya geuzeni swali. Wapeni majina mawili au matatu bila orodha ya kozi, waulize wanategemea kusoma nini. Pengo kati ya wanachotegemea na kilichomo ndilo mnalotaka kulifunga. Ongeeni pia na waliohama mchepuo mwaka wa kwanza au wa pili. Mara nyingi watawaambia waziwazi kwamba walidhani wanakwenda kusoma kitu kingine. Wekeni majibu yote kwa maandishi, yatahitajika kwenye andiko la kuombea kibali (Hatua ya 6).

Hatua ya 3: Jueni kama ni jina tu au ni programu mpya

Hapa ndipo miezi hupotea. Kubadilisha jina huku kozi zikibaki zilezile kwa kawaida ni jambo dogo la utaratibu. Kubadilisha jina pamoja na kozi nyingi, sifa za kujiunga au matokeo ya ujifunzaji kunaweza kuhesabiwa kuwa programu mpya, na programu mpya ina njia yake ndefu ya vibali. Mpaka kati ya hayo mawili huwekwa na kanuni za chuo na za mamlaka inayosimamia elimu ya juu, kwa hiyo nendeni kwa Msajili mapema, kabla ya andiko la kwanza, na maswali haya:

Jina la mchepuo linaandikwa wapi: kwenye cheti, kwenye transkripti, au kote kuwili? Kibali kinaishia Seneti au kinakwenda hadi mamlaka ya nje? Kuna kiwango gani cha mabadiliko ya kozi kinachoruhusiwa bila kuanza upya? Jina jipya linaweza kuanza kutumika katikati ya mwaka wa masomo?

Ushauri wangu ni kutochanganya mambo. Kama kuna kozi za kurekebisha, zirekebisheni kwanza kwa utaratibu wake, zipite, zifundishwe, ndipo mlete jina. Wajumbe wa Seneti wanapoona jina jipya na kozi mpya kwenye andiko moja, hushuku kwamba moja limeletwa kulibeba jingine, na wana haki ya kushuku.

Hatua ya 4: Chagueni jina

Historia ina mafunzo. Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kilikuwa na chuo kishiriki cha sayansikimu, na mwaka 1969 kikakiita chuo cha Ikolojia ya Binadamu, kwa sababu jina la zamani halikutosha tena kubeba yaliyokuwa yakifundishwa na kutafitiwa. Chama cha kitaalamu cha fani hiyohiyo nchini humo nacho kilibadilisha jina mwaka 1994, lakini kikachagua Sayansi ya Familia na Walaji. Mzizi mmoja, majina mawili, na mtu wa nje hawezi kujua kuwa ni ndugu. Kabla ya kubuni jina lenu wenyewe, tazameni wenzenu wanaofundisha mambo hayohayo wanaliitaje. Upekee kwenye jina la shahada hauna faida kwa mhitimu.

Mfano mwingine ni wa MIT. Mwaka 1975 idara yake ya uhandisi wa umeme iliongeza sayansi ya kompyuta kwenye jina, bila kufuta uhandisi wa umeme. Masomo ya kompyuta yalikuwa yameshakua ndani ya idara hiyo, na jina likayafuata. Si lazima jina la zamani lifutwe lote. Wakati mwingine neno moja la nyongeza linatosha na linawaachia wahitimu wa zamani uhusiano na jina jipya.

Lakini neno “na” lina gharama yake. ABET, chombo cha ithibati cha programu za uhandisi na kompyuta, kina kanuni kwamba programu ambayo jina lake linaiingiza kwenye vigezo vya fani mbili sharti itimize vigezo vya fani zote mbili. Hata kama mchepuo wenu hauko chini ya chombo kama hicho, mantiki ni ileile: kila neno mnaloliongeza ni dai, na siku ya ukaguzi mtaulizwa kozi zinazolithibitisha.

Jina likishapatikana, lipitisheni kwenye maswali machache. Je, linataja teknolojia moja au neno la msimu, litakalochakaa kabla wanafunzi wa leo hawajafika katikati ya ajira zao? Je, lina neno linalolindwa na sheria ya taaluma fulani? Nchi nyingi huzuia mtu asiyesajiliwa kujiita mhandisi au mwanasaikolojia, na jina la mchepuo linalogusa maneno hayo huwapa wanafunzi matumaini ambayo bodi ya taaluma haitayatimiza. Je, idara jirani ina mchepuo wenye jina linalofanana? Je, linaingia lote kwenye mstari wa cheti na kwenye nafasi ya mfumo wa usajili, au litakatwa katikati? Na kama chuo kinatoa vyeti kwa lugha mbili, pitisheni matoleo yote mawili kikao kimoja. Mkiacha tafsiri ifanywe baadaye na mtu wa uchapaji, mtakuwa na mchepuo mmoja wenye majina mawili yasiyolingana.

Hatua ya 5: Misimbo ya uainishaji

Nyuma ya jina kuna namba. Takwimu za elimu za kimataifa hutumia misimbo ya ISCED-F: uchumi ni 0311, takwimu ni 0542, uundaji na uchanganuzi wa programu za kompyuta ni 0613. Marekani ina mfumo wake, CIP, uliofanyiwa mapitio ya karibuni mwaka 2020. Jina likibadilika, ulizeni kama msimbo nao unapaswa kubadilika.

Namba hizi zina uzito katika maisha ya watu. Nchini Marekani, mwanafunzi wa kigeni anayehitimu anaweza kuruhusiwa kufanya kazi ya mafunzo kwa miezi 12, na akiwa amesoma programu yenye msimbo ulio kwenye orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, anaweza kuongezewa miezi 24. Idara kadhaa za uchumi huko zilihamisha shahada zao kutoka msimbo wa uchumi wa jumla, 45.0601, kwenda wa ekonometria na uchumi wa kiidadi, 45.0603, ulio kwenye orodha hiyo. Pale ambapo mtaala ulikuwa kweli umejaa hisabati na ekonometria, hilo lilikuwa kurekebisha kumbukumbu iliyokosewa. Msimbo ufuate krediti mlizozihesabu katika hatua ya kwanza. Kuuchagua msimbo kwanza, halafu kutafuta jina la kuufunika, ni kuwaweka wanafunzi wenu hatarini siku mtu atakapokagua.

Hatua ya 6: Andiko

Liwe fupi. Kurasa tatu au nne zinatosha, pamoja na viambatisho. Wajumbe wa Seneti wana maandiko mengi mbele yao, na lenu likieleweka kwenye ukurasa wa kwanza litasomwa.

Ukurasa wa kwanza uwe na jina la sasa, jina linalopendekezwa, tarehe ya kuanza kutumika, na sentensi moja ya sababu. Sentensi hiyo iwe kavu na yenye tarakimu, kwa mfano: “Krediti 21 kati ya 36 za mchepuo huu zinahusu uchanganuzi wa data, wakati krediti 9 zinahusu usimamizi wa mifumo ya taarifa, kwa hiyo jina la sasa halionyeshi maudhui makuu ya mchepuo.” Msiandike kwamba jina jipya linavutia zaidi sokoni. Hata kama ni kweli, sababu hiyo haimlindi mhitimu, na inafungua mjadala msioutaka.

Viambatisho: jedwali la krediti, matokeo ya mahojiano ya hatua ya pili, barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka idara jirani, mpango wa wanafunzi wanaoendelea, na tamko kuhusu gharama. Kama hakuna mwalimu mpya wala maabara mpya inayohitajika, liandikeni hilo waziwazi.

Hatua ya 7: Vikao

Njia ya kawaida ni idara, bodi ya kitivo, kamati ya mitaala au ya udhibiti ubora, kisha Seneti. Pangeni kalenda kwa kurudi nyuma kutoka siku prospektasi inapofungwa kwa uchapaji, kwa sababu jina lililopitishwa wiki moja baada ya siku hiyo linasubiri mwaka mzima.

Idara jirani ionwe kabla ya kikao chochote rasmi. Mkuu wa idara akutane na mwenzake ana kwa ana, amwonyeshe jedwali. Pingamizi nyingi za vikaoni hutokana na mtu kusikia habari hiyo kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake.

Hatua ya 8: Wanafunzi walio njiani

Nawasihi msiipitie haraka sehemu hii, kwa sababu ndiyo inayogusa watu ambao hawakuwa na kura kikaoni. Siku jina linapopita, mna makundi matatu.

Wanaoingia mwaka ujao hawana tatizo: watadahiliwa kwa jina jipya.

Waliohitimu wanabaki na vyeti vyao kama vilivyo. Cheti ni kumbukumbu ya kilichotunukiwa siku ile, na hakiandikwi upya kwa sababu chuo kimebadili mawazo. Wanachostahili ni barua rasmi ya Msajili, inayosema kwamba mchepuo uliojulikana kwa jina fulani hadi mwaka fulani sasa unaitwa hivi, na kwamba ni mchepuo uleule. Kama kozi zilibadilika kidogo kidogo kwa miaka, barua iseme inawahusu waliohitimu kuanzia mwaka gani. Aliyesoma mtaala wa zamani kabisa asipewe barua inayodai alisoma mpya. Itayarisheni barua hiyo kabla mtu hajaiomba.

Kundi gumu ni wanaoendelea. Walijiunga kwa jina moja na watahitimu wakati jina jingine linatumika. Wapeni kuchagua. Kuna mwanafunzi mwenye ufadhili ambao mkataba wake unataja jina la zamani; mkimbadilishia bila kumuuliza, mfadhili anaweza kusitisha malipo. Kuna mwingine ambaye mwajiri wake alimpa ruhusa ya masomo kwa jina lililoandikwa kwenye barua ya udahili. Na kuna wengi watakaolitaka jina jipya kwa furaha. Kila mmoja ajaze fomu, atie sahihi, apewe nakala, na iwepo tarehe ya mwisho. Asiyejaza abaki na jina alilodahiliwa nalo, kwa kuwa ndilo alilolikubali. Wekeni pia mwaka ambao jina la zamani litafungwa, mkiwahesabia wanaorudia na walioahirisha masomo, vinginevyo mtabaki na mtu mmoja anayehitimu kwa jina lisilokuwepo tena kwenye mfumo.

Itisheni mkutano na wanafunzi hao kabla andiko halijafika Seneti. Waelezeni kwa nini, waonyesheni jedwali, waacheni waulize.

Hatua ya 9: Kumbukumbu zote

Baada ya Seneti kazi inahamia kwenye ofisi nyingine, na mtu mmoja mwenye jina apewe jukumu la kuifuatilia hadi mwisho. Mfumo wa usajili, transkripti, kiolezo cha cheti, barua za udahili, prospektasi, tovuti, fomu za mafunzo kwa vitendo, hati za makubaliano na vyuo vingine, faili za ithibati, orodha ya mamlaka ya elimu ya juu, bodi za taaluma, ofisi ya mikopo na ufadhili. Katika mfumo wa usajili, fungueni msimbo mpya wa mchepuo na mwache wa zamani ukiwa hai kwa waliobaki nao. Fundi akiandika jina jipya juu ya lile la zamani, transkripti za wahitimu wa miaka iliyopita zitabadilika zenyewe siku zitakapochapishwa tena, na hazitalingana na vyeti.

Kwa vyuo vinavyotoa nyongeza ya diploma ya Ulaya, yaani hati inayoambatana na cheti kueleza kilichosomwa, kumbukeni kwamba sehemu yake ya pili hutaja jina la sifa pamoja na nyanja kuu za masomo. Vyote viwili vipitiwe.

Hatua ya 10: Cheti cha majaribio

Miezi mitatu kabla ya mahafali ya kwanza ya jina jipya, ombeni ofisi ya mitihani ichapishe seti mbili za majaribio, kila moja ikiwa na cheti na transkripti: moja kwa aliyechagua jina jipya na nyingine kwa aliyebaki na la zamani. Kaeni watu wawili, mmoja ashike muhtasari wa kikao cha Seneti, mwingine asome cheti kwa sauti, neno kwa neno. Mkiona tofauti hata ya herufi moja, rudisheni, na msome tena toleo linalofuata.